Wimbo wa Majini Wapigwa Isevya: Kisa cha Remiksi Tatu za Muziki wa Gemu

Mhusika wa kisa hiki ni fundi simu wa Tabora mjini, mtu wa miaka 30 na kitu. Mchana anafungua na kufunga simu za watu, Jumapili anapiga kinanda kanisani, na usiku, nyumba ikishatulia, anatengeneza remiksi za muziki wa gemu alizocheza utotoni. Hauzi. Anazirusha mtandaoni, watu wanasikiliza, wengine wanamwandikia kutoka nchi za mbali, naye anaridhika. Ameniruhusu kusimulia yaliyompata kwa sharti kwamba jina lake libaki kwake, kwa hiyo humu nitamwita Fundi tu. Mimi kazi yangu ni studio. Nilizisikia remiksi hizi zikiwa bado mbichi, na barua alizopokea alinionyesha zote.

Nimeona kisa kinastahili kuandikwa kwa kirefu kwa sababu remiksi tatu za mtu mmoja zilipata matokeo matatu. Moja ilifungiwa kabla hata marafiki zake hawajamaliza kuisikiliza. Moja imeachwa hadi leo. Moja ilidaiwa na kampuni isiyokuwa na haki nayo. Kompyuta ni ileile, spika ni zilezile, mapenzi ni yaleyale. Mtaani waliosikia habari hii walisema ni bahati, au kwamba wenye makampuni wana roho mbaya. Mimi sikubaliani nao. Ukifuatilia kila remiksi ilivyojengwa, matokeo yake yanaelezeka, na maelezo yanaanzia kwenye muziki wenyewe kabla ya kufika kwenye sheria.

Iliyofungiwa

Alianza kama wanavyoanza wengi. Alipakua rekodi ya muziki wa gemu moja la kupigana la miaka ya 1990, ambalo sitalitaja, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha gemu akisubiri zamu ya kushika pedi analijua. Akaiingiza kwenye FL Studio, programu ya Wabelgiji iliyoanza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, ambayo maprodyuza wetu wengi wamejifunzia kazi. Akakata vipande vifupi, akavirudiarudia, akaongeza spidi kidogo, akaweka chini yake ngoma za singeli, kiki na sneya. Ikachangamka kweli. Vijana wa hapo kazini kwake waliiweka kwenye status zao za WhatsApp siku hiyohiyo.

Alipoipandisha YouTube, ilifungiwa dunia nzima jioni ileile.

Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani melodia na kodi (noti zinazolia pamoja chini ya melodia) kama mtunzi alivyozipanga. Ya pili ni rekodi, yaani sauti yenyewe kama ilivyonaswa. Mara nyingi wenye mali hizo ni watu wawili tofauti. Ukikata kipande cha rekodi umezigusa zote mbili kwa mkupuo. Ukikaa chini ukaupiga upya kwa vidole vyako umegusa utunzi peke yake, na rekodi inayozaliwa ni yako. Mtandaoni vyote viwili huitwa remiksi, na Fundi naye alikuwa akiviita hivyo bila kutofautisha. Mbele ya sheria, na mbele ya mashine, vinatofautiana sana.

Naam, mashine. Tangu 2007 YouTube ina mfumo uitwao Content ID. Wenye haki hupeleka nakala za kazi zao, mfumo huzitengenezea alama za sauti, kisha kila video inayopandishwa hulinganishwa na alama hizo. Mwenye haki huwa ameshachagua mapema afanyiwe nini: video ifungiwe, iachwe na hela za matangazo ziende kwake, au iachwe tu huku akifuatilia imesikilizwa wapi na kwa kiasi gani. Hakuna binadamu aliyekaa akasikiliza kazi ya Fundi na kuamua kumkomoa. Chini ya kiki za singeli ile rekodi ilikuwa bado nzima, mfumo ukaikuta, na mwenyewe alikuwa ameagiza ifungiwe.

Fundi alifanya yale ambayo kila mtu huambiwa ayafanye. Alipandisha sauti nusu noti, akaweka picha nyingine, akaandika chini ya video kwamba hadai haki yoyote na haki zote ni za wenyewe. Ikafungiwa tena. Sentensi ile ya kukana haki haijamwokoa mtu. Kwanza inathibitisha kwamba ulijua mali ni ya mwingine. Na hoja kwamba kampuni iko Japani, sisi tuko Tabora, nayo haina miguu: Japani imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1899 na Tanzania tangu 1994, kwa hiyo kazi ya kule inalindwa huku na ya huku inalindwa kule.

Alikuwa na bahati kwamba kilichompata kilikuwa dai na si onyo. Dai la Content ID hugusa video moja. Onyo la hakimiliki hutokana na mwenye haki kuomba rasmi kazi iondolewe, na ukipata maonyo matatu ndani ya siku 90 chaneli nzima inaweza kufutwa, pamoja na kazi zisizo na kosa lolote. Mambo haya si vitisho vya mdomoni. Mwaka 2022 mwenye chaneli ya GilvaSunner, iliyokuwa imehifadhi muziki mwingi wa gemu za Nintendo kwa miaka, alifungiwa video zaidi ya 1,300 kwa mpigo, akaamua kuifunga chaneli yenyewe.

Lakini hata ningeweka sheria pembeni, bado ningemwambia Fundi ile remiksi ilikuwa dhaifu. Rekodi iliyokwisha kuchanganywa haigawanyiki kirahisi. Besi ya wenyewe ilikuwa inagombana na kiki yake, na hakuweza kuishusha bila kushusha kila kitu. Alitaka kubadilisha kodi moja mwishoni iingie huzuni kidogo. Hakuweza, kodi ilikuwa imeshaokwa ndani. Alichobakiwa nacho ni kuongeza ngoma na kubadilisha spidi. Mpiga kinanda mzuri, anayeweza kuifuata kwaya bila nota wala mazoezi, alikuwa amejifungia mikono yake mwenyewe.

Ya majini

Kazi ya pili ilianzia kwenye swali la kawaida nililomuuliza: ukiondoa kompyuta, unaweza kuupiga wimbo gani wa gemu kwenye kinanda cha kanisani sasa hivi? Akapiga ule wa Super Mario Bros. unaosikika Mario anapoogelea majini.

Wengi wetu gemu hilo tulilikuta kwenye TV gemu, zile mashine za bei nafuu zenye kaseti za njano zilizonakili Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Gemu lenyewe ni la 1985 na muziki ni wa Koji Kondo. Kaseti halisi ya Super Mario Bros. ilibeba kilobaiti 40 tu, picha, ramani na muziki vyote humo; picha moja tunayotumiana WhatsApp mara nyingi huzidi hapo. Chipu ya sauti ya mashine ile ina njia tano: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya mawimbi ya pembetatu, moja ya mchakacho, na ya tano ya vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Katika Super Mario Bros. kazi hufanywa na zile nne. Mraba wa kwanza unaimba melodia, wa pili unaisindikiza, pembetatu inapiga besi, mchakacho unashika nafasi ya ngoma. Njia ya pembetatu haina hata uwezo wa kupanda na kushuka sauti. Inalia au inanyamaza. Kondo hakuwa na pa kujificha. Kila noti aliyoiweka ilipaswa kuwa na kazi.

Fundi aliisikiliza njia moja moja, akizizima nyingine tatu, mpaka akazijua zote kwa masikio. Hakutumia faili lililoandikwa na mtu mwingine. Nilimsisitizia hilo, si kwa ajili ya sheria, bali kwa sababu masikio yanapohangaika kutafuta noti ndipo mtu anapogundua kwa nini iliwekwa pale. Aligundua kwa mfano kwamba sauti ya pili haifuati melodia kila mahali. Kuna sehemu inashuka wakati ya kwanza inapanda, na hapo ndipo wimbo unapopata ule mwendo wa kuelea.

Kisha tukaenda Isevya, hapahapa Tabora mjini, kwa mzee mmoja aliyepiga gitaa la rizimu enzi za madansi. Mazungumzo yenyewe nayakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha kazi nzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Huo wimbo kwenye simu ni wa bendi gani?"

"Si wa bendi, mzee. Ni wa gemu, la watoto."

"Nani anapiga humo?"

Fundi akamweleza zile njia nne, moja moja, akimchezea kila moja peke yake.

"Sasa si bendi hiyo?" mzee akasema. "Solo huyo hapo, huyu namba mbili, besi yule, na ngoma. Mimi nafasi yangu iko wapi?"

Nafasi yake haikuwepo, ndiyo iliyobidi itengenezwe. Wimbo wa majini unahesabiwa kwa tatu, mwendo wa wolzi, na mkono wa mzee umezoea kutembea kwa nne. Jaribio la kwanza lilikuwa vurugu. Aliyetatua ni binamu yake Fundi, msichana anayepiga manyanga kwenye kikundi cha ngoma. Alisikiliza kidogo, akaanza kutikisa mawili juu ya tatu. Hesabu moja mpaka sita: kinanda kinakanyaga moja, tatu na tano, manyanga yanakanyaga moja na nne. Wimbo haukupoteza wolzi yake, ila sasa ulikuwa na kiuno. Mzee akapata pa kuingilia, akawa anajibu melodia kwa vipande vifupi vya noti za juu kila inapovuta pumzi.

Manyanga yalirekodiwa kwa simu, nje, usiku, baada ya pikipiki kupungua barabarani. Gitaa lilirekodiwa kwangu studio. Besi ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Fundi alitaka kuiacha na ile sauti ya pembetatu ya mashine, ya kizamani, isiyopanda wala kushuka. Mimi nilitaka besi ya gitaa. Alishinda yeye, na alikuwa sahihi. Sauti ile moja ya mashine chini ya gitaa la mzee ndiyo inayomfanya msikilizaji aliyecheza gemu lile ashtuke na kutabasamu. Mwishoni mwa wimbo melodia inaachwa kabisa, zinabaki noti nne tu zinazorudi, na gitaa na kinanda vinafukuzana kwa sebene. Hiyo dakika ya mwisho haimo katika gemu popote. Ni ya Isevya.

Chini ya video Fundi aliandika: utunzi wa Koji Kondo, kutoka Super Mario Bros., 1985, mpangilio na kinanda, jina lake, gitaa, jina la mzee, manyanga, jina la binamu yake. Hakuwasha matangazo. Mpaka ninapoandika haijafungiwa.

Nisieleweke vibaya. Kutofungiwa si sawa na kuruhusiwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inaulinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Kondo yu hai. Haki ya kuupanga upya wimbo na ya kuutangaza kwa umma ni ya mwenye utunzi. Kuupiga nyumbani kwa matumizi yako binafsi ni jambo jingine. Kuurusha mtandaoni ni kuutangaza. Mpangilio wa Fundi nao unalindwa kama kazi, lakini ulinzi huo haupunguzi haki ya mwenye wimbo wa asili. Kwa hiyo anaishi kwa uvumilivu wa mwenye mali, na uvumilivu unaweza kuisha kesho. Nilichomwambia ni kwamba ukiishi hivyo, ishi wazi: taja mwenye wimbo, usichukue hela, usitumie rekodi yake, na ukiombwa utoe, toa siku hiyohiyo bila kelele.

"Tunga vyako"

Kiongozi mmoja wa kwaya alimwambia Fundi kwamba huo ni muziki wa kitoto na kwamba mwanamuziki wa kweli hutunga vyake. Maneno haya yalimwumiza, na mimi yamenikera mpaka leo, kwa sababu yanasemwa katika mji usiostahili kuyasema.

Tabora ni mji wa madansi. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, wote walitoka hapa. Na bendi za kizazi kile, hapa na kote kati ya Kongo na pwani, zilijifunza wapi rumba? Kwenye santuri za GV, mfululizo wa HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza, ulioanza 1933 na kuleta muziki wa Kuba Afrika. Vijana walizisikiliza kwenye gramafoni mpaka zikachakaa, wakazipiga kwa masikio, maneno ya Kihispania wakiyakisia kisha wakiyabadilisha, mpaka siku moja mkono ukaanza kwenda njia yake. Hakuna anayewaambia wazee wale kwamba walipaswa kusubiri mpaka watunge vyao. Kuupiga wimbo wa mtu mwingine kwa uaminifu, kisha kuusogeza, ni ufundi kamili. Wapo watakaoutumia kama njia ya kufikia utunzi. Wapo watakaobaki nao maisha yao yote, na hawatakuwa wamepungukiwa.

Kuhusu utoto wa muziki wenyewe: mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki wa Super Mario Bros. kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Na wapenzi wanaopiga remiksi kwa kujifurahisha tu wamewahi kuitwa mezani na wenye gemu. Jumuiya ya OverClocked ReMix, iliyoanza 1999, ndiyo iliyopewa na Capcom, kampuni yenye gemu, kazi ya muziki wa Super Street Fighter II Turbo HD Remix, iliyotoka 2008. Walikuwa na miaka ya kazi iliyopangwa vizuri na kusikika waziwazi, ndipo ruhusa ikaja.

Ya wachuuzi

Remiksi ya tatu ilikuwa ya Tetris, ule wimbo unaojulikana zaidi wa toleo la 1989 la Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo. Fundi aliamini ni mali ya kampuni kama mingine. Siyo. Mpangilio wa Game Boy ulifanywa na Hirokazu Tanaka, lakini melodia ni wimbo wa kienyeji wa Urusi uitwao Korobeiniki, ambao maneno yake yanatokana na shairi la Nikolai Nekrasov la mwaka 1861, habari ya wachuuzi wanaotembeza bidhaa vijijini. Nekrasov alifariki 1878. Hakuna anayeweza kuimiliki melodia hiyo leo.

Tofauti hii ina matumizi. Ukichukua besi ya Tanaka na sauti zake za kusindikiza, umechukua mpangilio wa Tanaka. Kwa hiyo Fundi aliiacha Game Boy, akatafuta kwaya za Kirusi zikiuimba wimbo wa asili, akachukua melodia kutoka huko. Akaujenga juu ya sauti za besi za wanaume wanne wa kwaya yake, kinanda cha sauti ya akodiani, na rizimu ya mzee. Unaanza taratibu na kuongeza kasi kila unaporudi, kama wenyewe wanavyouimba. Kwa masikio yangu hii ndiyo kazi yake bora.

Na hii, safi kuliko zote, ndiyo iliyopata dai. Kampuni moja ya usambazaji wa muziki ilikuwa imepeleka kwenye mfumo toleo la mteja wake la wimbo huohuo, na mfumo, ambao unaweza kutambua hata melodia iliyopigwa upya, ukaona kufanana. Fundi alitaka kuifuta video. Alikuwa ameshafungiwa moja, aliogopa akibisha atapoteza chaneli nzima.

Hofu hii ni ya kawaida na ina msingi: ukipinga dai lililo halali, mwenye haki anaweza kuomba kazi iondolewe, na hapo onyo linakupata. Ndiyo maana ile ya kwanza nilimkataza kabisa kuipinga. Lakini hapa alikuwa na kila kitu mkononi. Aliandika maelezo mafupi, bila hasira: melodia ni wimbo wa kienyeji wa karne ya 19, mpangilio ni wangu, sauti zote zilipigwa na kuimbwa na watu hawa, tarehe hizi, sijatumia rekodi ya mtu mwingine, mafaili ya kila ala ninayo. Mdai ana siku 30 za kujibu. Hakujibu, dai likafa lenyewe. Kilichomlinda ni yale mafaili ya ala moja moja aliyoyatunza. Maprodyuza wengi hapa hutunza mchanganyiko wa mwisho tu na kufuta mengine ili kuokoa nafasi kwenye diski; mtu wa namna hiyo akidaiwa hana cha kuonyesha.

Yule kiongozi wa kwaya, aliposikia habari za wimbo usio na mwenyewe, alikuja na ombi: basi Fundi aipangie kwaya "Baba Yetu", wimbo wa gemu la Civilization IV la 2005. Ni sala, si ni ya wote? Ni kisa cha Tetris kilichogeuzwa. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili chetu wenyewe, lakini melodia ni ya Christopher Tin, mtunzi wa Marekani aliye hai, na ndiyo kazi ya kwanza ya muziki wa gemu kushinda Grammy, mwaka 2011. Nota zake za kwaya zinauzwa. Walichanga, wakazinunua, wanauimba. Fundi hakuupanga upya, na kwa kweli hauhitaji.

Mwenye duka

Mfanyabiashara mmoja wa spea za pikipiki aliusikia wimbo wa majini akaupenda, akataka uwe kwenye tangazo la redio na kwenye gari lake la matangazo. Alitaja hela ya maana, na Fundi ana watoto.

Nilimshauri akatae, na alikataa. Kuutumia utunzi wa mtu kwenye tangazo la biashara kunahitaji ruhusa ya mwenye utunzi mwenyewe. Hata Marekani, ambako ipo leseni ya kisheria inayomwezesha mtu kurekodi upya wimbo uliokwisha kutolewa kwa kumlipa mtunzi kiwango kilichowekwa, leseni hiyo haifiki kwenye matangazo wala video. Na mwenye mali aliyevumilia kitu kinachopigwa kwa mapenzi hana sababu ya kuvumilia kinachouza tairi na plagi. Fundi alimpa mwenye duka ule wa wachuuzi badala yake, ambao angeweza kumuuzia bila wasiwasi. Jamaa akausikiliza mpaka mwisho, akasema unahuzunisha, hautauza spea. Hela ikaondoka hivyo.

Karatasi ya mzee

Ofa ile ilileta swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: kama hela ingekuja, mzee angepata nini? Muda wote tulikuwa tunahangaika na haki za kampuni za mbali, na gitaa lililoufanya wimbo uwe wimbo lilikuwa la mtu wa hapa Isevya ambaye hakuna aliyemwandikia chochote. Sheria ileile ya 1999 ina sehemu ya hakishiriki, haki za wanaoimba na kupiga juu ya walichokipiga kikarekodiwa. Mzee anazo. Binamu anazo. Wale wanaume wanne wa kwaya wanazo. Wazee wengi wa madansi walipiga kwa posho ya usiku ule na hawakusikia tena habari za rekodi zao. Mzee alitusimulia mwenyewe, bila kulalamika, na nilijisikia vibaya kwamba sisi tulikuwa tunaelekea kumfanyia vilevile kwa nia njema.

Wakakaa, wakaandika. Ya majini haiuzwi, na ikifika siku ikapata ruhusa watakutana upya. Ya wachuuzi, ikiuzwa popote, inagawanywa kwa watu wote waliosikika humo, mafungu yametajwa, Fundi akichukua lake na la mpangilio. Mzee alidai nyongeza moja: popote wimbo unapowekwa, jina lake liandikwe kamili pamoja na la bendi aliyopigia, kwa sababu enzi zile kwenye santuri liliandikwa la bendi tu. Wamesaini nakala kwa kila mmoja.

Sasa Fundi anaandaa kuisajili ya wachuuzi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Pale pa kueleza kazi aliandika kwanza kwamba ni utunzi wake. Mzee aliisoma fomu, akamrudishia, na Fundi ameandika upya: mpangilio wa wimbo wa kienyeji wa Urusi.